Gari la Kwenda Busunzu

Kuna harufu moja ambayo mpaka leo ikinifikia hunifanya nisimame nilipo. Ni harufu ya rabingi, ile dawa nzito ya kusugulia rangi ya gari iliyochakaa, ikichanganyika na mafuta ya taa na vumbi jekundu la Kasulu wakati wa kiangazi. Wengine utoto wao unanukia maandazi na udi, nami nawaonea wivu. Wangu unanukia hivyo. Kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na harufu hiyo ilikaa kwenye kucha zangu, kwenye nywele, hata kwenye ugali niliosonga, maana mimi na baba tulisugua gari kuanzia asubuhi mpaka jua lilipozama nyuma ya migomba ya jirani. Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Kabanga, na alikuwa akilisubiri gari hilo.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Gari alilinunua kwa afisa mmoja wa kilimo aliyehamishiwa mkoa mwingine, nalo lilikuwa la zamani, refu, lenye nafasi kubwa nyuma ya viti. Lilitoka kiwandani likiwa jekundu, lakini lilipotufikia sisi lilikuwa na rangi ya ufizi. Jua lilikuwa limeila rangi hadi ikawa unga. Ukipitisha kidole juu ya boneti, kidole kilitoka chekundu, na huo wekundu haukuwa vumbi, ilikuwa rangi yenyewe ikilikimbia gari. Plastiki nyeusi za bampa na za kando ya milango zilikuwa zimepauka kama visigino vya mtu asiyejipaka mafuta, na taa za mbele zilikuwa na ukungu wa njano. Injini, hata hivyo, ilikuwa nzima. Baba aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe, na kila asubuhi iliwaka mara moja. Nalisema hili wazi ili msomaji asidhani tulikuwa tunatengeneza gari bovu.

Sasa niseme habari ya ukweni. Kwetu Uha, mwanamume haendi ukweni ovyo. Atafua, atapiga pasi, na akikaribia uwanja wa wakwe zake atasimama njiani apanguse viatu na kuvuta shati vizuri, hata kama amepanda baiskeli kilomita arobaini na mgongo unamuuma. Mama alikuwa mtu wa Busunzu, upande wa Kibondo. Mwaka mmoja kabla ya kiangazi hicho tulikwenda huko kwenye harusi, na mjomba, kaka yake mama, mtu mwenye maneno mengi hata akiwa hajanywa, alipitisha kiganja chake juu ya boneti mbele ya watu, akakiinua kikiwa chekundu, akasema, "Shemeji, gari lako linavua nguo ukweni!" Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Baba naye alicheka, kwa sababu shemeji hutaniwa. Tulipofika nyumbani alimwambia mama kuwa uwanja ule hataukanyaga tena na gari lile likiwa hivyo. Mama alimjibu kuwa hasira za mkwe ni za siku mbili. Alikosea.

Kiangazi kile daktari wa wodi alimwita baba pembeni. Mimi nilikuwa nimebeba chupa ya uji, na watu wazima husahau kwamba watoto wana masikio. "Mwalimu, mpelekeni nyumbani akapumzike," alisema, "awe karibu na watu wake." Mtoto yeyote wa huku anajua maana ya maneno hayo. Tuliporudi kitandani mama alikuwa ameshajua, sijui nani alimwambia. Alisema anataka kupelekwa kwa mama yake. Bibi miguu yake ilikuwa imevimba na hakuweza kusafiri, kwa hiyo kama wangeonana, ilikuwa lazima mama aende. "Nipeleke Busunzu, Baba Adela," alimwambia. "Nimwone mama nikiwa bado namjua." Baba alimshika kifundo cha mkono, kilichokuwa chembamba kama changu, akasema, "Jumamosi. Nalisafisha gari kidogo, Jumamosi tunaondoka." Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Kulisafisha kidogo kulianza kesho yake. Kwanza tuliliosha mara tatu, kwa sabuni ya unga na maji ya kisima, mpaka maji yaliyotiririka yakaacha kuwa mekundu. Kisha baba akachukua msasa wa maji, ule laini kuliko yote, akausugua polepole juu ya mlango huku mimi nikimwagia maji kwa kikombe. Baada ya hapo ikaja rabingi. Unaiweka kidogo kwenye kitambaa cha flana, unasugua kwa duara ndogondogo, unafuta, unatazama, unarudia. Hakukuwa na mashine. Mashine ilikuwa mikono yetu. Ikafika saa ya mchana ambapo mlango wa kushoto ulitoa wekundu kama wa nyanya iliyooshwa, nami nikaona sura yangu ndani yake, nikapiga kelele ya furaha. Nakiri, nilifurahi. Nilikuwa mtoto, na kazi ile ilikuwa tamu. Taa tulizisugua kwa dawa ya meno zikang'aa. Kwa plastiki zilizopauka baba alipata wazo la kuzipaka mawese, na ni mtu wa Kigoma tu ndiye anayeweza kulipata wazo hilo. Jioni ziling'aa nyeusi ajabu. Asubuhi zilikuwa zimeshika vumbi lote la mtaa, na sisimizi walikuwa wamepanga foleni kuanzia bampa ya mbele hadi ya nyuma, na kuku wa jirani wakiwafuata. Tulipoteza siku nzima kuzikwangua na kuziosha kwa mafuta ya taa, kisha tukapaka rangi nyeusi ya viatu. Jumamosi ikapita.

Jumapili tulikwenda Kabanga kwa baiskeli, mimi nimekaa nyuma, kwa sababu gari lilikuwa limebandikwa magazeti kwenye vioo. Mama alikuwa amezidi kuwa mdogo. Aliuliza gari limefika wapi. Baba alianza kueleza habari za mawese, nami nikamkatiza nikamwambia mama kwamba mlango wa kushoto unaonyesha sura. Mama akacheka bila sauti. "Basi nitajiona nilivyokonda," alisema. Halafu akamtazama baba, akasema kwa upole, "Mimi nalala nyuma, Baba Adela. Wa kuliangalia gari nani?" Baba alisema haraka haraka haina baraka, imebaki boneti tu. Mama alinisogeza, akanusa nywele zangu, akasema ninanuka kama fundi.

Boneti tuliianza Jumatatu. Baba alikuwa amenionya tangu mwanzo: sehemu bapa sugua utakavyo, lakini kwenye ukingo, pale bati linapokunjika, pita mara moja tu na kwa mkono mwepesi, maana rangi pale ni nyembamba. Siku ile aliitwa shuleni kwa muda, akaniacha. Nilitaka akirudi aikute boneti imekwisha, ili kesho tuondoke. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, na naliandika hapa kwa sababu kwa miaka mingi hakuna aliyeniuliza. Nilisugua kwa nguvu zote za miaka kumi na mmoja. Nilipofuta kwa kitambaa, kwenye ukingo wa mbele palikuwa na mstari wa kijivu, mrefu kama kidole changu cha kati, rangi imekwisha na prima, ile rangi ya chini, imetokeza. Niliufunika kwa rabingi, nikaingia ndani kupika. Baba aliporudi nilimsikia akizunguka gari, kisha akisimama mbele yake. Alipoingia kula alisema tu, "Niliisugua mno boneti mwenyewe jana. Itabidi ipulizwe upya." Jana yake tulikuwa Kabanga. Sikumsahihisha. Nilidhani amechoka hata amesahau siku, na nikamshukuru Mungu kwa hilo, Mungu anisamehe.

Rangi ya kufanana haikuwepo Kasulu. Tulikwenda kwa Mzee Shaibu, mwenye duka la vipuri, ambaye wazazi wake walitoka Tanga na mwenyewe alisema Kiswahili cha kutufanya sote tujione tunabahatisha. Aliahidi kuiagiza Kigoma mjini, ije na basi Alhamisi. Kisha akaegemea meza yake, akamtazama baba. "Mwalimu, samahani, si langu kulisema," akasema. "Mgonjwa hapandi rangi. Anapanda gari." Baba akasema huwezi kumrudisha mtu kwao na gari lenye kidonda usoni. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, Mwalimu," akasema Mzee Shaibu. Baba alishukuru kwa heshima, tukatoka. Nje nilitaka kusema ni mimi, ni mimi niliyeichuna, twende tu. Nililiweka neno kwenye ulimi hadi tukafika nyumbani, na likabaki huko.

Rangi ilikuja Alhamisi jioni. Ijumaa fundi wa bodi akaipuliza, nayo ikahitaji kukauka. Jumamosi asubuhi baba aliipaka nta, akarudi nyuma hatua nne, akaitazama, na hata mimi niliona kwamba gari lile halijawahi kuwa zuri vile. Saa tatu hivi akaja mhudumu wa wodi kwa baiskeli. Hakushuka kwa mwendo wa mtu mwenye habari njema. Alitazama gari, akamtazama baba, akavua kofia. Baba alikuwa bado ameshika kitambaa, na kwa muda aliendelea kufuta palepale alipokuwa anafuta.

Mama alisafiri nyuma, amelazwa, kama alivyosema. Tulipita barabara ya vumbi kwenda Busunzu, yeye amefunikwa kanga yake mpya, na watu wa kando ya njia walitupungia mikono kwa sababu walidhani ni harusi. Kabla ya kuingia uwanja wa wakwe baba alisimamisha gari, akashuka, akapangusa vumbi kwenye boneti kwa mkono wa shati lake. Nilimchukia pale. Wanawake walitoka wakilia, wakajitupa kwenye milango, na kila mlango ulikuwa na mwanamke anayelia nje na mwingine anayelia ndani ya rangi. Mjomba hakusema lolote. Bibi aliletwa akiwa ameshikwa pande mbili, akaweka kiganja juu ya boneti, akakitazama, kikiwa safi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Gari liliharibika njiani? Ndiyo maana mmechelewa?" Mimi nikasema, "Ndiyo, bibi. Liliharibika." Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa bibi, na alikufa akiuamini.

Leo barabara ya kwenda Kibondo ina lami, na pale tulipokuwa tukichota maji ya kisima kuna vijana wenye mashine za umeme na chupa za kila rangi. Wanachukua gari lililopauka, na kabla hujamaliza soda linang'aa kama jipya. Nimekuwa muuguzi. Katika kazi yangu nimewaona waume na watoto wengi wanaosema Jumamosi, wanaosema tumalize kwanza kupiga lipu chumba, tununue kwanza godoro, na siwagombezi kama wenzangu wanavyowagombeza. Nawaambia tu, leo. Wengine hunisikia. Watu wanasema zamani tulikuwa na utu zaidi, na mimi siamini. Zamani tulikuwa na aibu zaidi, na aibu si utu. Gari langu mwenyewe ni chafu kiasi cha kuchekwa na walinzi wa hospitali.

Baba sasa ni mzee, anakaa kwangu, macho yameingia mtoto wa jicho na vyakula vigumu hataki. Miezi michache iliyopita, tukiwa tumekaa barazani baada ya chakula cha mchana, nilimwambia. Nilimwambia kuhusu ukingo, kwamba ni mimi, kwamba nilificha, kwamba bila mimi tungeondoka Jumanne na mama angemwona mama yake. Nilikuwa nimelibeba jambo hilo hadi nikawa na watoto wakubwa. Baba alipapasa fimbo yake.

"Niliuona siku ileile, mwana wanje," alisema, akiniita mwanangu kwa Kiha. "Niliifuta rabingi nikauona. Nikajua ni mkono wako."

"Mbona ulisema ni wewe?"

"Kwa sababu nilifurahi." Akageuza uso wake upande niliokuwepo. "Jumanne ilikuwa imekaribia, na nilikuwa sina tena cha kusugua. Kumfikisha mke wangu kwao ilikuwa ni kusema anakufa. Ulinipa siku nne, Adela. Nilikushukuru moyoni."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, kwa ajili ya mama, kwa ajili ya bibi, kwa ajili ya msichana yule aliyeficha kosa ambalo baba yake alilihitaji. Kisha nikaingia jikoni, nikampashia uji, kwa sababu saa yake ya kunywa dawa ilikuwa imefika.