Mti wa Plastiki

Nilikata mti wetu kwa mkono wangu, halafu nikaenda soko la Jebel kununua picha ya miti. Wacha nianze hapo, maana hapa mtaani Hai Malakal, Juba, hata watoto wanaijua hii habari, na afadhali uisikie kwangu.

Mimi napika chapati getini kwetu. Ule mwarobaini ulikuwa juu ya meza yangu, na kila siku jani linaanguka kwa unga, ama ndege anaongeza chumvi yake. Nikasema khalas, basi imetosha, nikate, niweke mabati, biashara ionekane biashara. Hata kisiki niling'oa. Mke wangu alikuwa kanisani. Aliporudi alisimama na Biblia mkononi, jua linampiga kichwani.

"Mti wangu uko wapi?"

"Tumepata nafasi," nikasema, tena kwa furaha.

Kwao mke wangu ni Kabale, Uganda, kule ukifungua dirisha unaona milima ya kijani. Joto la Juba lilimshinda tangu aje, na alishataka kurudi. Kilichomshika ni ule mti. Jioni anaweka kiti chini yake, anakunywa chai, anakuwa mtu tena. Hayo yote nilijua. Nilijua na nikakata.

Kuanzia hapo akawa anabeba kiti chake, anaenda kukaa chini ya mti wa jirani. Wateja wangu nao wakamfuata, chapati mkononi. Nikabaki na mabati yangu, naiva kuliko chapati.

Ndiyo nikanunua ile picha: ya plastiki, kubwa kama mlango, msitu na maporomoko ya maji. Nikaipigilia ukutani, nikawasha feni, nikamkalisha mbele yake.

"Si unasikia baridi?"

Aliangalia weee. "Hii majani haitingishiki," akasema. Akaingia ndani, akaanza kupanga nguo kwa begi.

Shule niliacha katikati, labda hili jambo walifundisha nikiwa nimeshatoka. Lakini nilipokaa peke yangu na ile picha, nilielewa kidogo. Mwarobaini wetu haukutulia hata dakika, majani yanahangaika siku nzima. Anayetulia ni yule anayeyaangalia. Picha sasa imetulia kabisa, na mimi roho inaruka.

Nikaenda kwa jirani, mama mmoja aliyewahi kuwa mkimbizi Uganda, kuomba mche. Wanawake walikuwa wamejaa pale chini ya mti, na mke wangu katikati yao, ananiangalia miguu.

"Unataka wa kupanda ama wa kukata?" yule mama akauliza.

Walicheka mpaka chai ya mtu ikamwagika. Na mimi nikacheka, lakini masikio yalikuwa yanaungua.

Nikaupanda palepale penye ule wa zamani. Kesho yake nilimwona mke wangu anaumwagia maji ya kuoshea vyombo. Begi bado liko mlangoni, limefungwa. Sijathubutu kuuliza.

Halafu akaja rafiki yangu, mtu wa boda. Akauangalia ule mche, kivuli chake kinatosha chapati moja. Akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na shoka langu, akalifunga kwa pikipiki.

"Shemeji, wewe ngojea mti," akamwambia mke wangu. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe bwana, siku shemeji akifungua hilo begi, ndiyo uje uchukue shoka yako."