Kilomita Amwachia Mkewe Usukani

Habari hii nimepewa na mama mwenyewe, Jumatatu iliyopita, tulipokuwa tunaanika nguo juu ya nyumba tunamopanga sote. Jumatatu ndiyo siku ya wamisionari kama wao kufua na kuvuta pumzi. Mumewe alikuwa anatupa vibanio, na pale mkewe aliporuka jambo, yeye alilirudisha.

Saa mbili asubuhi, Alhamisi. Mama wa miaka sitini na tatu amekaa kwenye usukani wa pikapu nyeupe, kwenye uwanja wa majaribio ya udereva. Mgongoni ameweka mto mdogo alioushona mwenyewe. Kifuani ana kibao cheusi chenye jina lake na jina la kanisa. Anavua viatu, anajaribu pedali kwa soksi, anavaa tena.

Kwenye benchi ukutani amekaa mumewe. Madereva wenzake walimpa jina Kilomita, kwa sababu ukimuuliza habari za mji wowote hakwambii una nini, anakwambia uko mbali kiasi gani. Ameendesha malori miaka thelathini na sita. Leo hamwoni mkewe ila kama kivuli, maana macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho.

Hawa ni wenzi wamisionari wa Kimormoni. Wametoka kwao, safari ya siku mbili kwa basi, kuja kutumika miezi kumi na minane. Hawalipwi. Nauli, chakula na pango wanajitegemea, kwa akiba ya miaka kumi na moja na kodi ya vyumba viwili wanavyopangisha huko nyumbani.

Kazi yao kubwa si kuhubiri. Wanazunguka na pikapu ya kanisa kukagua vyumba vya wamisionari vijana, wanaokaa wawili wawili katika miji midogo. Baba anakaza mabomba na kuangalia mtungi wa gesi. Mama anapindua magodoro, anashona mapazia, anafungua masufuria na kuuliza maswali.

"Ukitaka kujua kijana ana huzuni, usimtazame usoni," anasema mama. "Tazama sufuria lake. Likikaa na ukoko siku mbili, kaa naye."

Vyeo vyao vinachekesha. Kwao kijana wa miaka kumi na tisa huitwa Mzee, na mama huyu mwenye wajukuu sita huitwa Dada. Vijana hufuata utaratibu huo mbele za watu. Wakibaki peke yao wanamwita bibi, na wanaomba kushonewa vifungo.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka mwezi wa kumi na tatu, Kilomita alipopitiliza alama ya barabarani ambayo kila mtu aliiona isipokuwa yeye. Daktari akamkataza kuendesha. Upasuaji unawezekana, lakini kwao, karibu na watoto watakaomwangalia.

Rais wa misheni, ambaye ndiye msimamizi wa wamisionari wote wa eneo lile, aliwaita akawaambia kwa upole kwamba si aibu kurudi kabla ya muda. Pasipo dereva, vyumba vya mbali havifikiki. Atawasubiri hadi mwisho wa mwezi wapate dereva, la sivyo atawakatia tiketi.

Kilomita aliinamisha kichwa. Mama akauliza kama kuna sheria inayomzuia yeye kujifunza. Haikuwepo.

Watu walidhani ni ubishi wa uzee. Mama ana lake.

"Nilimzalia watoto wanne, na wote wanne walizaliwa yeye yuko njiani," aliniambia, shuka likiwa begani. "Nilikuwa na mume wa kupita, analala siku mbili, anaacha hela ya matumizi, anaondoka. Ni hapa ndipo nimejua kwamba anakoroma, na kwamba anaogopa mjusi. Tukirudi na miezi mitano imebaki, yeye atakwenda kukaa na wenzake kwenye yadi ya malori, mimi nitarudi kwenye cherehani yangu. Tutapeana shikamoo tena kama wageni."

Mumewe alisikia yote. Alisema tu kwamba mjusi ni mnyama asiyeeleweka.

Basi wakaanza mafunzo, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya kanisa. Kilomita aliwahi kufundisha matingo wengi, na alijua njia moja tu ya kufundisha, nayo ni kelele. Gari likizima, anauliza kama mguu ule ni wa kuazima. Gia ikilia, anashika kichwa kana kwamba aliyefinywa ni yeye.

Siku ya tano mama alizima gari katikati ya kiwanja, akachomoa ufunguo, akashuka.

"Mimi si utingo wako," alimwambia. "Utingo ulikuwa unamlipa."

Akatoka getini. Lakini wamisionari hawaachani. Kila mmoja hukaa mahali ambapo mwenzake anamwona na kumsikia. Wenzi wazee hulegezewa kanuni hiyo, ila hawa walijiapiza siku ya kwanza kwamba wataishika kama ilivyo. Mama hakutaka kumwona mumewe, na mumewe macho hana. Ikabidi amfuate kwa mlio wa viatu.

Wakaenda hivyo barabara nzima, mama mbele, baba nyuma, kila mtu na kibao chake kifuani. Wakifika pa kuvuka, mama anasimama, anamngoja, anamshika mkono, wanavuka. Upande wa pili anauachia mkono, ugomvi unaendelea.

Mbele ya duka la viatu, muuzaji aliviona vile vibao akawasimamisha. Akataka kujua kama ndio wale wanaofundisha kwamba mume na mke wanabaki pamoja hata baada ya kufa.

"Ndio sisi," mama alijibu.

"Milele kabisa?"

Mama akageuka kumtazama mumewe, aliyesimama anafuta jasho.

"Milele," alisema. "Na leo ndiyo kwanza Jumanne."

Wa kwanza kucheka alikuwa Kilomita. Alicheka mpaka akashika mlango wa duka. Muuzaji hakujua kilichochekesha, lakini aliwapa viti wakakaa.

Njiani kurudi, mume alimuuliza mkewe swali ambalo hakuwahi kumuuliza tangu waoane: yeye huwafundishaje wasichana wanaokuja kujifunza kushona?

"Nikamwambia, mwanafunzi akikosea sipandishi sauti. Nafumua naye, tunaanza upya."

Tangu siku hiyo, gari likizima, Kilomita alisema neno moja tu: "Tufumue." Na klachi ilipomshinda mama, mumewe alimwambia asiikanyage, aibembeleze kama anavyobembeleza pedali ya cherehani kwenye kitambaa laini. Hapo mguu ukaelewa.

Jaribio la kwanza alifeli. Alirudi nyuma akaangusha pipa. "Tufumue," Kilomita alisema, na siku iliyofuata walikuwa kiwanjani, wakirudi nyuma kati ya ndoo mbili mpaka jua likawaondoa.

Hii Alhamisi ndiyo mara ya pili, na ya mwisho. Jumapili ni mwisho wa mwezi.

Mkaguzi anapanda. Ni kijana mwenye kalamu sikioni. Anamwamkia mama, halafu anamtania kwamba umri wake ni wa kuendeshwa, si wa kuendesha. Mama anamjibu kwamba ameendeshwa vya kutosha, naye afunge mkanda.

Pikapu inaondoka. Vijana wawili wamisionari, wanaosubiri kurudishwa kituoni kwao baada ya mkutano, wamekaa na Kilomita kwenye benchi. Mmoja anaanza kumsimulia anachokiona. Kilomita anainua mkono.

"Nyamazeni. Nasikiliza."

Anasikiliza na kichwa amekiinamisha upande. Gia namba moja. Namba mbili. Gari linapanda mwinuko, mlio unazama kidogo, halafu unasimama sawa. Linateremka. Linarudi nyuma taratibu, na hakuna pipa linaloanguka. Kilomita anatabasamu kabla gari halijazimwa.

"Amepita," anasema.

"Umejuaje, Mzee?"

"Gia haikulia hata mara moja."

Mkaguzi aliposhuka kwenda kuandika, alimwambia mama kwamba atamleta na mama yake mzazi afundishwe naye. Mama alimwambia amlete, lakini aje na ndoo mbili.

Mipango yao sasa imenyooka. Watamaliza miezi mitano iliyobaki. Watarudi kwao, Kilomita akatibiwe macho. Akipona, wataomba kutumwa tena, popote watakapopelekwa.

"Nimekwisha kumwambia," anasema mama, akikaza kibanio cha mwisho. "Hata akiona mpaka ng'ambo ya mlima, usukani ni wa zamu. Yeye asubuhi, mimi jioni."

Mumewe akasema atafikiria. Mama akasema jambo hilo limekwisha kufikiriwa.

Alhamisi hiyohiyo, baada ya chakula cha mchana, walipakia godoro jipya na mabomba, wakawarudisha wale vijana kituoni kwao. Barabara ni ndefu, ya lami, yenye kona. Vijana walikuwa wamechoka na mkutano. Kabla ya daraja la kwanza, wote wawili walikuwa wamelala nyuma, mdomo wazi.

Kilomita alikaa wima mbele. Kila kona alikanyaga sakafu ya gari, akitafuta breki ambayo kwake haikuwepo. Maisha yake yote hajawahi kulala gari likiwa mikononi mwa mtu mwingine. Hata kwenye basi lililowaleta huku alikesha siku zote mbili, anamsaidia dereva kwa macho.

Mama alishika usukani, akatazama mbele.

Baada ya kona ya tatu, ule mguu ulitulia. Baada ya mlima, Kilomita alikunja mikono juu ya kibao chake. Kisha mama akasikia, juu ya ngurumo ya injini, ule mkoromo ambao miaka yote hakuufahamu.

Mbele kulikuwa na mwinuko. Mama akabadilisha gia polepole, isije ikalia ikamwamsha.