Kaunta Buku la Chang'ombe

Binti yangu alifaulu mtihani wa kidato cha sita, na hakuna chuo kikuu kilichoweza kumchukua. Majirani zetu wa Chang'ombe walisikia nusu ya kwanza tu ya habari hiyo, wakaja na pongezi.

"Mbukwa, mzazi!" aliniita mzee wa nyumba ya mbele, mstaafu ambaye tangu nihamie Dodoma na ofisi yangu amejipa kazi ya kunifundisha salamu za Kigogo. "Three si haba! Mtoto katutoa kimasomaso."

Nilimwitikia, nikatabasamu, nikaingia ndani na kufunga mlango kwa sababu ya vumbi. Upepo wa Julai hapa kwetu ni kisingizio kizuri cha kufunga mlango.

Ukweli ulikuwa kwenye karatasi niliyoichapisha ofisini kwa kujificha: Baiolojia D, Kemia E, Fizikia S. Ni daraja la tatu, cheti atapewa. Lakini mlango wa shahada haufunguliwi kwa daraja. Wanaangalia masomo mawili uliyofanya vizuri zaidi, na yanatakiwa yafikishe pointi nne. D ni mbili, E ni moja, S haihesabiwi. Binti yangu alikuwa na tatu. Alikosa pointi moja, na aliyeipoteza pointi hiyo ni mimi.

Naomba nieleze polepole, maana nimeshajieleza harakaharaka kichwani mara nyingi, na kila mara nilitoka msafi.

Mimi ni mtu wa kuandika. Ofisini naandika hotuba ambazo wengine huzisoma vibaya, na nyumbani naandika makala ambazo hakuna anayezisoma, isipokuwa moja. Hiyo moja ilihusu mitihani. Niliandika kwamba zama za mtihani wa mwisho kuamua maisha ya mtu zimepita. Siku hizi kuna vyuo vya kati, mtu anaanzia cheti pale Hombolo au kwingineko, anapanda stashahada, na shahada anaipata akiwa na akili zake timamu kuliko sisi tuliokariri. Watu waliisambaza kwenye makundi ya simu. Bosi wangu, kijana aliyeanguka kidato cha sita akapitia stashahada mpaka akanipita cheo, aliichapisha na kuibandika mlangoni kwake. Kila nikienda kumwomba ruhusa nakutana na maneno yangu mwenyewe.

Niliyaamini maneno yale. Niliyaamini kwa watoto wa watu wengine.

Miaka miwili na ushee kabla ya hapo binti yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne. Historia A, Kiswahili A, Kiingereza B, na C tatu za sayansi zilizosimama pembeni kama wageni wasio na hakika kama wamealikwa. Alichagua HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu alitaka kusoma sheria. Tangu darasa la tano alikuwa akinihoji mezani kama shahidi. "Kwa hiyo baba unakubali kwamba saa kumi na moja ulikuwa umeshatoka kazini?" Mama yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

Mimi nilisoma HKL. Nilimaliza chuo kikuu, nikazunguka na bahasha ya kaki kwa miaka mitatu. Kwa hiyo nilikuwa na sababu, na zote zilionekana za busara: sayansi ina ajira, sayansi haisumbuki kupata mkopo wa chuo, na zile C tatu zilitosha kuingia PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Nadhani sababu ya kweli ilikuwa ndogo na ya aibu. Sikutaka mtoto anayefanana na mimi.

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mfumo wa serikali hufunguliwa kwa muda ili mwanafunzi aweze kubadilisha tahasusi, au kombi kama wanavyosema wenyewe. Namba yake ya mtihani nilikuwa nayo. Maswali mengine ambayo mfumo unamuuliza mwanafunzi kuhakikisha kwamba ni yeye, niliyajibu bila taabu, kwa kuwa hata baba wa hovyo anajua tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe. Mwenyewe alikuwa Mtera kwa shangazi yake, anakula perege. Nilitoka ofisini mchana, nikaenda steshenari ya mtaani kwetu, na baada ya dakika kumi mtoto wa sheria alikuwa mtoto wa maabara.

Majina ya waliochaguliwa yalipotoka, alilia. Alikuwa amepangiwa shule ya bweni yenye sayansi tupu, isiyo na mchepuo hata mmoja wa sanaa wa kuhamia.

"Lakini mimi niliandika HKL," alisema. "Baba, si uliniona naandika?"

"Kompyuta ndiyo inayopanga, mwanangu. Taifa linahitaji wanasayansi."

Nilimnunulia koti jeupe la maabara. Lilimpwaya mabegani, nikamwambia atalikulia.

Kwa miaka miwili alinipigia kila Jumapili kwa simu ya matroni. "Shikamoo baba. Fizikia imenikaba." Nami nilimwambia akaze. Nilikuwa na mambo mengine ya kumwambia, nikachagua hilo.

Baada ya matokeo ya kidato cha sita tulikaa mezani sisi watatu. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ndiyo kazi yangu.

"Urudie Kemia peke yake," nilisema. "Mwaka mmoja tu. Ile E ikiwa D, umeshaingia. Pointi moja, mwanangu, ni jambo dogo."

"Baba," alisema kwa ile sauti yake ya mahakamani, "si wewe uliyeandika kwamba six ni mlango mmoja tu kati ya milango mingi?"

"Niliandika kwa ujumla."

"Mimi simo kwenye huo ujumla?"

Mama yake aliangalia sahani, lakini niliona mashavu yakicheza.

"Naomba cheti cha sheria kwa matokeo yangu ya form four," binti yangu aliendelea. "Halafu stashahada, halafu shahada. Ni miaka mitatu ya kufika pale ambapo wenzangu wa HKL wanafika Oktoba hii. Sawa. Ningeweza kuishtaki ile kompyuta ningeishtaki, ila haina anwani."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Pasingepatikana mahali pazuri zaidi. Niliomba chumvi.

"Ijumaa tunakwenda kutuma maombi," alisema. "Pale pale steshenari. Imeili yangu ilifunguliwa pale na paswedi siijui."

"Kuna nyingine mpya karibu na soko," nilisema. "Ina mtandao wa kasi."

"Ya nini? Yule dada ana kila kitu chetu kwenye kaunta buku."

Alisema kweli. Dada wa steshenari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu anayevaa miwani utosini, ndiye anayeendesha nusu ya maisha ya mtaa wetu: picha za pasipoti, maombi ya ajira, maombi ya mikopo, vyeti vya kuzaliwa. Kwa kuwa wazazi wote tunasahau nywila, yeye huziandika kwenye kaunta buku lenye jalada gumu, jina kwa jina, na pembeni huongeza kilichofanyika na nani alikuja. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Ni mtu mwaminifu, na uaminifu wake ulininyima usingizi wiki nzima.

Nilijaribu kumwahi. Jumatatu asubuhi nilimkuta anafagia kibaraza. Nilikuwa na sentensi tayari: dada, yale mambo ya mwaka juzi yabaki kati yetu. Aliponiamkia shikamoo sentensi ilikauka, nikanunua kalamu. Jumanne nikanunua kalamu. Alhamisi alinipa ya bluu kabla sijafungua mdomo. Hakukuwa na namna ya kumwomba anifichie bila kwanza kumweleza kwamba mwaka ule nilimdanganya yeye pia.

Ijumaa ikafika. Nilidhani ningeumwa, lakini nilikuwa mzima kabisa.

"Karibuni! Mwanasayansi huyoo!" dada alishangilia. "Shikamoo baba. Leo hununui kalamu?"

Binti yangu alinitazama, kisha akamgeukia tena dada. "Dada, tunaomba paswedi ya imeili yangu."

"Hilo tu? Bunge linaweza kusahau lilichosema jana, mimi hapa sisahau."

Alishusha miwani, akalamba kidole, akafunua kurasa. Ana tabia ya kusoma kwa sauti huku akifuatisha mstari kwa kidole, na mimi nilikuwa naijua tabia hiyo. Nyuma yangu walikuwa wamesimama wanafunzi wawili wa chuo wenye karatasi za kutoa kopi, wameziba mlango.

"Huyu hapa. Kufungua imeili, baba na mtoto. Paswedi ndiyo hii, nakuandikia. Kuskani cheti cha kuzaliwa, baba na mtoto. Kubadilisha tahasusi, HKL kwenda PCB, baba peke yake. Kasema mtoto karidhia." Aliinua uso, bado anatabasamu. "Siku ile nikasema, huyu ni baba anayejali! Wengine hata kombi ya mtoto hawa..."

Alituangalia mmoja baada ya mwingine. Mashine ya fotokopi ndiyo pekee iliyoendelea na kazi.

Binti yangu aliligeuza kaunta buku upande wake. Alisoma mstari ule mwenyewe, bila haraka, akaacha kidole chini ya neno la mwisho.

"Karidhia," alisema.

"Nilitaka..."

"Baba, subiri. Siku ile nilipolia, ulikuwa unajua?"

Safari hii sikuweza kujibu kwa ujumla.

"Nilijua."

"Na koti ulilinunua unajua."

"Ndiyo."

"Na kila Jumapili."

Nilitikisa kichwa kukubali. Wanafunzi waliokuwa nyuma yangu walikuwa wanasoma karatasi zao kwa bidii ambayo sijapata kuiona kwa wanafunzi wa chuo. Nilingoja apige kelele. Ningezistahili kelele, na zaidi ya hapo zingenisaidia, maana ningeweza kumwambia asinivunjie heshima mbele za watu. Hakunipa nafasi hiyo.

"Dada," alisema, "nisaidie kubadilisha paswedi. Na hiyo mpya usiiandike humo."

"Utasahau, mdogo wangu. Wote mnasahau."

"Sitasahau." Kisha, bila kunitazama: "Baba, geukia huko."

Niligeuka. Ukutani kulikuwa na picha za pasipoti za watu nisiowajua, zimebandikwa kama sampuli, wote wamekaza nyuso. Nilisimama mbele yao kama mtahiniwa aliyekutwa na karatasi kwenye soksi. Nyuma yangu nilisikia herufi zikigongwa moja moja, halafu maswali ya dada, sasa kwa sauti ya chini ambayo sikujua kwamba anayo.

"Namba ya simu ya mzazi?"

"Weka ya mama."

"Chaguo la kwanza?"

Hakujibu kwa mdomo. Nadhani alionyesha kwa kidole. Huenda ni kile cheti cha sheria alichokisema mezani, na huenda baada ya kuusoma ule mstari alibadili mawazo. Hadi leo ninapoandika haya, wanaojua ni yeye, mama yake na dada wa steshenari, na dada huyo siku hizi ananiuzia kalamu bila maneno.

Tulirudi nyumbani yeye akiwa mbele, mimi nyuma, na vumbi katikati yetu. Mzee wa nyumba ya mbele alikuwa langoni.

"Mbukwa! Vipi, mtoto kaomba chuo gani?"

"Mfumo bado," nilisema. "Kompyuta ndiyo inayo..."

Binti yangu alisimama. Hakugeuka kwangu, alimgeukia mzee.

"Shikamoo babu. Baba hajui nilichoomba. Sijamwambia."

"Marahaba," alisema mzee taratibu, macho yake yakiwa kwangu.