Mbio Zisizo na Msiba

Mimi si mtu wa mazoezi. Nasema hivyo mapema ili msomaji asije akadhani anasoma habari za mwanariadha. Mwili wangu uliumbwa kwa ajili ya kukaa kitako, kula, na kutoa maoni kuhusu kazi za wengine, na lau kifua changu kisingekuwa mkorofi ningekaa hivyo hadi leo bila kumkosea mtu.

Kifua chenyewe kilianza kukohoa karibu siku niliyozaliwa. Nilikulia nje kidogo ya mji wa Kitale, katika nyumba iliyozungukwa na mahindi, na miaka ya themanini ilipoanza nilikuwa mtoto wa kike anayemaliza sahani yake na ya nduguye na bado ana miguu ya korongo. Majirani walitaja kifua kikuu. Wengine walitaja pumu. Shangazi yangu alimtaja mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mto aliyewahi kunitazama vibaya. Nilimeza dawa za magonjwa mengi ambayo sikuwa nayo, mpaka mama aliponipeleka katika hospitali ya misheni upande wa Bungoma, kwa daktari mzee wa kigeni aliyezungumza Kiswahili cha Biblia.

Daktari huyo alimuuliza mama swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. "Mama, ukimbusu mtoto wako, wasikia ladha gani?"

Mama aliona haya, maana kwetu mambo ya kubusu hayazungumzwi mbele ya wageni. Kisha akasema, "Chumvi. Huyu mtoto ako na chumvi mingi kwa uso."

Ndivyo tulivyolipata jina la ugonjwa wangu, sistiki faibrosisi, jina ambalo baba hakuwahi kulimaliza. Akifika katikati aliliacha, akasema "ile ya daktari". Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili bila wao kujua kwamba wanao wa kumpa, wala haumwambukizi jirani. Makohozi yangu, daktari alieleza, ni mazito kama uji uliolala. Hayatoki yenyewe, na yakikaa yanaharibu mapafu polepole. Alisema wangu si mkali kama alivyouona kwa wengine, ila nisichukue hilo kuwa ruhusa ya kulala. Akamfundisha mama kukunja kiganja kama kikombe na kunipiga mgongoni asubuhi na jioni, mimi nikiwa nimelala kifudifudi mapajani mwake, kichwa chini. Akaniambia pia kwamba nikikua nitafute zoezi la kuupeleka moyo mbio, kwa sababu mtu anayehema hujitikisa kifua mwenyewe, na kwamba nikitoka jasho nilambe chumvi kidogo, maana jasho langu huiba nyingi.

"Chagua zoezi ulipendalo," akasema, "kwa maana hutaliacha siku zote za maisha yako."

Nilichagua mikono ya mama. Ilikuwa mikono mizuri, ya moto, iliyonukia sabuni ya kipande. Mama aliamka kabla ya jogoo, akanawa, akaniita, na mgongo wangu ukaanza kulia pu, pu, pu kwa mdundo wa nyimbo za kanisa alizokuwa akiziimba chini kwa chini. Sikusoma shule ya bweni kwa sababu ya mikono hiyo. Nilifika kidato cha nne nikiwa bado nalazwa mapajani kama mtoto mchanga, miguu yangu ikining'inia nje ya kitanda, na sikuona sababu ya mambo kubadilika.

Yakabadilika miaka ya tisini ilipoingia, nilipomaliza kozi ya upigaji chapa na kupata kazi katika ofisi moja mjini Bungoma. Baba alishukuru Mungu. Mama aliuliza swali moja tu. "Na mgongo atakupigia nani huko?"

Tulitazamana. Hakuna ofisi inayomwajiri mpiga chapa pamoja na mama yake.

Mwishowe mama akatoa hukumu. "Enda. Lakini uchague hiyo zoezi daktari alisema. Krismasi ukikuja hapa niskie kifua imejaa, hiyo kazi imeisha. Utakaa na mimi."

Nilijua hatanii, na niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kisicholiwa. Basi kabla ya kuondoka nikaanza kuchagua zoezi, kama bibi harusi aliyechelewa anavyochagua mume.

Nilianza na kamba. Kamba niliyoipata ilikuwa ya kufungia ng'ombe, na baada ya kuiruka mara chache ikanifunga miguu nikaangukia kuku. Nikahamia kwaya, kwa sababu kwaya yetu iliruka zaidi kuliko ilivyoimba. Moyo ulienda mbio kweli, ila kifua kilichagua kujisafisha katikati ya beti za taratibu, na nilipopumzika nililamba chumvi yangu kutoka kwenye kipande cha gazeti, jambo lililowafanya waimbaji wenzangu wa sauti ya kwanza wahamie sauti ya pili. Mwalimu wa kwaya aliniomba kwa heshima nihudumu katika maombi.

Zikabaki mbio. Sasa, kukimbia Kitale ni kama kupika chapati mbele ya mama mkwe. Barabara yetu ilikuwa ya watu wanaokimbia kwa kazi, wembamba kama mimi lakini kwa sababu nzuri zaidi. Walinipita kimya, hata pumzi yao huisikii. Mmoja alinipita, akasita, akarudi, akatembea kando yangu wakati mimi nikikimbia. Akaniuliza kwa upole kama nataka aniitie gari la hospitali. Baba, aliyekuwa ameegemea lango akitazama, alisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zangu hazikufika hata ukingoni.

Hata hivyo, ndizo nilizokwenda nazo Bungoma, kwa kuwa huko hakuna aliyenijua. Nilipanga chumba katika boma la mjane mmoja aliyeuza samaki wakavu sokoni, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya reli. Alfajiri ya kwanza nilitoka kwenda kukimbia. Suruali niliiogopa, kwa hiyo nilivaa rinda, nikajifunga leso kiunoni na kitambaa kichwani. Nilifuata njia inayopakana na reli, nikageuka kuelekea nyumbani, na kifua kilipobana nikaweka mikono yote miwili juu ya kichwa, maana nilikuwa nimegundua kwamba hivyo mbavu hufunguka. Kikohozi kilinitoa machozi. Nikaendelea hivyo hivyo, mikono kichwani, machozi mashavuni.

Baadaye kidogo nilisikia vishindo nyuma. Nilipogeuka niliona wanawake wakinifuata mbio, nao wamejifunga leso. Nitasema ukweli wa nilichofikiria. Nilifikiri nimewaletea watu wa Bungoma ustaarabu. Nilifikiri wameniona, wamevutiwa, nao wameamua kuitunza mioyo yao. Nikaongeza kasi ili niwe mfano mwema. Nao wakaongeza. Muuza maziwa akajiunga na baiskeli yake. Tulipokaribia lango la boma, mmoja wa wale wanawake akaanza kulia kwa sauti ya kilio cha kweli.

Tuliingia sote. Mjane alikuwa amesimama uani na mswaki mdomoni. Aliyekuwa akilia alimwona, akakata kilio katikati.

"Si ni wewe?" akamuuliza.

"Ni mimi nini?"

"Nani amekufa?"

Wote wakanigeukia. Mimi nilikuwa nimeinama nikikohoa, siwezi kutoa neno, nao wakadhani ni uchungu wa msiba. Wakanishika mabega, wakaniambia pole, jikaze, ni kazi ya Mungu. Pumzi iliporudi nikawaambia hakuna aliyekufa. Ni mazoezi.

"Ya nini?"

"Ya kifua."

Mwanamke mmoja wa makamo aliyekuwa ameacha uji motoni alinitazama kwa huzuni kubwa kuliko ile aliyokuja nayo. "Ati unakimbia bule?" akasema. "Mtu mzima? Bule tu hivyo?"

Mjane ilimbidi awapikie chai, kwa sababu watu waliokuja kilioni hawarudishwi mikono mitupu, hata kama maiti hayupo. Walikunywa wakinitazama, na mmoja wao akakumbuka kwamba ana dada anayeuza mboga Kitale.

Walipoondoka mjane alinikalisha kwenye kigoda. "Mwanangu, hapa kwetu mtu mzima akikimbia ni moto, ni mwizi ama ni maiti. Utatuua sisi, roho mkononi kila asubuhi. Hiyo mbio unatafuta nini ndani yake?"

Nikamweleza yote, hadi mikono ya mama na Krismasi. Alifikiri akisugua meno.

"Kama ni jasho tu," akasema, "si unibebe mimi sokoni."

Marehemu mumewe alikuwa ameacha baiskeli nyeusi ya chuma, nzito kama jembe la trekta, iliyokuwa ikitundikiwa vitunguu jikoni. Nilijua kuendesha kidogo, ujuzi wa utotoni wa kuiba baiskeli ya baba. Tukaondoa vitunguu. Asubuhi iliyofuata mjane alipanda kwenye keria na karai la samaki mapajani, nami nikaanza kukanyaga. Tulikwenda hatua kadhaa kisha tukaingia mtaroni, sisi na samaki. Alinyanyuka, akaokota samaki mmoja mmoja, akawapuliza vumbi, akapanda tena. Wanaume wa boda boda, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli pale steji, walicheka mpaka wakashikilia baiskeli zao. "Mama, huyo dereva ni wa maringo tu, njoo huku bana," waliita. Lakini kati yao hakuna aliyeuliza nani amekufa. Mtu anayembeba mtu kwenda sokoni ana sababu, na mwenye sababu anaweza kuhema apendavyo.

Nami nilihema. Kutoka kwetu hadi sokoni kulikuwa na kilima kidogo ambacho mtu asiye na mzigo hakioni, lakini mimi nilikijua kila changarawe yake. Kileleni nilishuka, nikainama majanini, na yale makohozi ambayo mama aliyapigia pu, pu, pu miaka yote yakatoka yenyewe. Mjane alinisubiri akitazama pembeni kwa adabu, kisha akasema, "Haya, twende, samaki hawataki jua." Hivyo ndivyo nilivyopata zoezi nilipendalo. Sikulichagua, na kwa kweli silipendi hadi leo, lakini mjane alikuwa hakosi soko, kwa hiyo nami sikukosa.

Habari za asubuhi ile ya kwanza zilikuwa zimeshapanda hadi Kitale kupitia yule dada wa mboga, zikinenepa njiani. Zilipomfikia mama zilisema mtoto wake ameonekana Bungoma akikimbia barabarani mikono kichwani, analia. Mama hakungoja Krismasi. Asubuhi moja, nikiwa nimemshusha mjane sokoni, nilimwona akishuka kwenye gari pale steji, kuku kwapani, uso umekunjamana. Wanaume wa boda boda walikuwa wakimgombania. Akaniona mimi juu ya baiskeli. Akanipa kuku nimfunge kwenye usukani, akapanda keria.

"Huyo atakuangusha, mathe," mmoja alimwonya.

"Nilimwangusha mimi kwanza," mama akajibu, na hata leo sijui alimaanisha nini.

Nilikanyaga. Kiganja chake kililala mgongoni kwangu njia nzima, kimetulia, kikisikiliza. Kilimani nilianza kule kuhema kwangu kusiko na aibu, na tulipofika juu nikashuka, nikainama, nikakohoa mpaka yakatoka yote. Nilipoinuka mama alikuwa nyuma yangu, kiganja kimekunjwa kama kikombe, kimeinuliwa tayari. Alikuwa amechelewa. Akaweka sikio mgongoni kwangu pale pale barabarani, watu wakipita, akasikiliza upande huu na upande ule.

"Imetoka yote?"

"Imetoka, mama."

"Na ni hii baiskeli tu?"

"Ni hiyo tu."

Akacheka. Alifurahi, sina shaka, alimshukuru Mungu kwa sauti na kumgusa kuku kama anayempa habari. Kazi yangu ilikuwa imepona. Akapanda tena, tukaenda kidogo, kisha nikamsikia nyuma yangu akisema polepole, si kwangu hasa, "Sasa mimi asubuhi nitakuwa naamkia nini?"

Nilijifanya nimeishiwa pumzi, ingawa tulikuwa tukiteremka.

Krismasi nilifika Kitale na kifua chepesi kuliko kilivyowahi kuwa. Asubuhi yake niliamka mapema, jambo ambalo si tabia yangu, nikaenda chumbani kwa mama, nikalala kifudifudi mapajani mwake, miguu ikining'inia. Nikamwambia kimejaa. Kimejaa kidogo tu, nikaongeza haraka, si cha kunizuia kurudi Bungoma, ni cha asubuhi hii. Mama, ambaye kifua changu hakijawahi kumdanganya, aliweka sikio, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Kweli," akasema, "imejaa," akakunja kiganja.