Silinda Nne Mpya za Soipan

Wacha niseme mapema kwamba Soipan nilimwonea wivu, usije ukadhani namsifu kwa kupenda. Ni fundi wa ndege katika kiwanja chetu kidogo nje ya Kitengela, binti wa wafugaji wa Mashuuru, miaka ishirini na saba. Asubuhi akinikuta ananiinamishia kichwa nikiguse, kama wanavyosalimiwa wazee kwao, kisha anatoa daftari lake la kijani na kuanza maswali. Mbona spana hii na si ile? Mbona oili ya ndege hii ni nyeusi? Miaka mitatu nilimjibu yote. Mimi ndiye Maundu, na ndege nimezishika tangu yeye hajazaliwa.

Lakini mtihani wa leseni nilianguka mara mbili, nikaacha. Yeye aliupita mara ya kwanza. Tangu siku hiyo kitabu cha kila ndege kikawa kinatiwa sahihi yake, hata kwa kazi niliyoifanya kwa mikono yangu. Tajiri wetu Koinet, ambaye pia ndiye rubani, akawa ananipita akiuliza, "Soipan ako wapi?" Wateja wakamwita injinia. Mimi wakaniita mzee. Nikajiambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikakaa kuyangoja hayo maji.

Mwezi wa pili Koinet alinunua silinda nne mpya za ile ndege inayobeba madaktari wa mifugo. Kazi kama hiyo ilikuwa yangu siku zote. Akampa Soipan. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na kitambaa cha oili mkononi, na hakuna aliyeniangalia. Niliumia hadi chakula cha mchana kikanishinda.

Silinda mpya ina masharti yake. Ukuta wake wa ndani umekwaruzwa makusudi, na ringi za pistoni lazima zisuguane nao saa za kwanza mpaka zikubaliane. Nguvu ya injini ndiyo inayozisukuma ringi zishike. Ukiibembeleza, oili inaungua ukutani na kuacha ngozi laini kama kioo, na ringi hazishiki tena. Hapo ndege inakunywa oili tu, mpaka silinda zing'olewe.

Soipan aliyajua hayo. Siku moja kabla ya kuirusha alinijia na daftari.

"Mzee Maundu, niko na swali. Kitabu inasema tutumie robo tatu ya nguvu ama zaidi. Lakini huku kwetu ni juu, hewa ni nyepesi, na mchana kuna joto. Hata tukifungua moto yote, hiyo robo tatu haifiki. Wewe ungefanya aje?"

Lilikuwa swali zuri, na hilo ndilo lililonichoma. Jibu nilikuwa nalo. Unaipeleka ndege Magadi, bondeni, karibu mita elfu moja chini yetu, ambako hewa ni nzito, na unairusha chini chini saa mbili nzima bila kuihurumia. Nimefanya hivyo na injini nyingi. Kitabu hakiitaji Magadi kwa sababu aliyekiandika hajaishi Kajiado.

"Zungukeni tu hapa Kitengela," nikamwambia. "Usipeleke injini mpya mbali. Na joto ikipanda, mwambie Koinet apunguze. Hiyo ni kama ndama ya juzi, huwezi kuikimbiza."

Aliandika. Niliiona kalamu ikiliandika jina langu, na chini yake neno ndama. "Asante, mzee," akasema. Nilikwenda nyumbani nikiwa mwepesi, nikala sahani mbili.

Baada ya saa kumi angani, ndege ilikuwa inakunywa karibu lita moja ya oili kila saa, na plagi zilitoka zimelowa oili. Wakaingiza kamera ndogo ndani ya silinda. Kuta ziling'aa. Koinet alimgombeza mbele yetu sote, hata mbele ya dereva wa lori la mafuta.

"Mimi naendesha vile nimeambiwa. Nani alikuambia tuzunguke hapa juu na moto kidogo?"

Nikaangalia sakafu. Daftari lilikuwa mfukoni mwa Soipan, na jina langu ndani.

"Ni mimi nilipanga hivyo," Soipan akasema. "Sahihi ni yangu."

Silinda ziling'olewa, zikakwaruzwa upya, na kazi nikapewa mimi. Si ndicho nilichokitaka? Nilikaa kando ya Koinet tukateremka Magadi, tukazunguka saa mbili juu ya ule weupe wa ziwa la magadi, injini ikinguruma kwa nguvu zake zote. Tuliporudi, oili ilikuwa imepungua kidogo tu. Safari ya tatu oili ilikataa kupungua. Koinet akanishika bega. "Mzee, hii kazi iko na wenyewe." Nilimtafuta Soipan kwa macho, nione uso wake nikisifiwa. Alikuwa amenipa mgongo, anafuta kile kijiti cha kupimia oili.

Wengine walipoondoka alinijia. Daftari hakulitoa.

"Hii ya Magadi, mzee. Ulikuwa unaijua ile siku nilikuuliza?"

"Nilikuwa nimesahau," nikasema.

Alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akarudi kazini.

Hiyo ni miezi mitano sasa. Bado ananiinamishia kichwa kila asubuhi, nami nakigusa. Kisha anavuka karakana na daftari lake kwenda kwa Ondiek, fundi wa redio, ambaye injini hajui hata robo ya ninavyozijua mimi. Wanainamia kitabu pamoja wakitafuta. Siku hizi ninayemwonea wivu ni Ondiek. Nawasikia wakikosea, na jibu ninalo, na hakuna anayeniuliza.