Kaseti ya Uzi Mwekundu

Ndugu yangu Yarrow alikuwa fundi wa redio nyuma ya soko la mifugo la Garissa. Kama ulipita hapo miaka ya tisini ukaona mwanamume mwembamba amelaza sikio juu ya redio iliyofunguliwa tumbo, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto, basi ulimwona yeye.

Sikio hilo alizaliwa nalo. Tulikulia malishoni upande wa Bura, na Yarrow alipokuwa na miaka saba alimjua kila ngamia wa baba kwa kengele yake ya mbao. Jioni, kabla hatujaona hata vumbi la kundi, alikuwa akiwataja mmoja mmoja kwa majina. Akisema, "Yule wa sikio lililokatika hayupo," baba alichukua fimbo akaenda kumtafuta bila kuuliza swali.

Mimi ndiye dada yake mkubwa, Sahara, au Mama Nuh kwa majirani. Nimesoma mpaka darasa la nne, na kazi yangu tangu hapo imekuwa kuogopa. Naogopa nge ndani ya viatu, naogopa mtoto akikohoa mara mbili. Yarrow alikuwa akisema, "Abaayo, ukimaliza kuogopa ya kwako njoo uogope na ya kwangu, mimi sina nafasi." Abaayo ni dada kwa Kisomali, na akiniita hivyo siwezi kumkasirikia.

Mwaka wa tisini na mbili, ule wa ukame mkubwa, tangi la chuma lililokuwa kando ya kibanda chake lilikauka kabisa. Watu wengine waliliangalia wakahuzunika. Yarrow aliingia ndani, akapiga kofi moja, akasikiliza. Halafu akatoka jasho likimtiririka na kusema, "Hii ni studio."

Mwimbaji alikuwa Rukiyo, mwanamke aliyeuza maziwa ya ngamia karibu na kibanda. Rukiyo hakuwahi kuimba popote ila kwenye harusi za wanawake, na alipoambiwa aingie tangini alisema, "Yarrow, nikifia humo utamwambia nini mume wangu?"

"Nitamwambia umekufa ukiimba vizuri."

Akaingia. Wakafanya kazi siku tisa, asubuhi tu, kabla chuma hakijawaka moto. Yarrow alining'iniza kengele nne za ngamia kwenye kamba, akatafuta kinanda kidogo cha betri chenye mdundo wa ngoma, na akarekodi ule wimbo wa kuteka maji ambao wachungaji huitikiana kisimani. Rukiyo aliimba juu ya hayo yote, na kuta za tangi zikamrudishia sauti yake mara tatu. Mahali pengine Yarrow alipunguza mwendo wa kaseti mpaka sauti hiyo ikawa nzito kama inatoka chini ya ardhi. Nyimbo zilikuwa sita, zikajaza upande mmoja wa kaseti, dakika thelathini.

Mimi nilipozisikia nywele zilinisimama. Sikujua kama ni vizuri au vibaya. Nilijua tu kwamba sijawahi kusikia kitu kama hicho, na kitu nisichokijua mimi nakiogopa.

Alitoa nakala arobaini. Ziliuzwa mbili.

Hared, aliyeuza chai mkabala na kibanda, alisikiliza wimbo mmoja akaweka birika chini. "Waryaa Yarrow! Ngamia wangu wamekufa wote kwa ukame, ndio kwanza nimesahau kengele zao. Na wewe unataka ninunue kengele?"

"Sikiliza ngoma iliyo chini yake."

"Nimeisikia. Sijui ni ya harusi au ya kuwaita watu wakimbie moto."

Wanawake nao walimwambia Rukiyo, "Dada, nani alikufungia tangini, tumlete kwa chifu?" Vijana walisema haichezeki. Yarrow alicheka nao, tena alicheka kuliko wote. Lakini alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akifanya kazi, na mwaka mzima sikumsikia tena akipiga. Watu hawakuona. Dada huona.

Nakala zilizobaki akazitia ndani ya katoni chini ya meza. Pamoja nazo aliweka ile kaseti ya kwanza kabisa, ambayo nyingine zote zilitolewa kwayo. Aliifunga uzi mwekundu na akaniambia, "Hizi nyingine ni watoto. Hii ndiyo mama yao. Anayetaka mtoto achukue, lakini mama haguswi."

Na watu walichukua, ila si kwa ajili ya nyimbo. Wakati huo kila nyumba ilikuwa na mtu ng'ambo, na sisi hatukuandikiana barua kwa kalamu. Tulizisema. Unakaa mbele ya redio kaseti, unabonyeza, unamsalimia mwanao, unamwambia mvua imenyesha wapi na nani amezaa, na mtu anayesafiri anaibeba. Huko mwanao anageuza upande wa pili, anajibu, na kaseti ile ile inarudi kwako. Kaseti tupu zilikuwa adimu. Za Yarrow zilikuwa za bure. Mama mmoja baada ya mwingine alikuja akachukua, akasemea juu ya Rukiyo, na katoni ikapungua.

Mwanangu Nuh alikuwa Uswidi kwa mjomba wa baba yake. Asubuhi moja ya mwaka wa tisini na tatu jirani yangu Hamdi alipita mbio akasema anasafiri, basi linaondoka na msafara wa polisi saa mbili, kama nina barua niilete sasa hivi. Yarrow alikuwa amekwenda Liboi kutengeneza redio za wafanyabiashara. Siku zote yeye ndiye aliyenibonyezea. Nilifungua kibanda, nikatia mkono kwenye katoni, nikatoa kaseti, nikakaa na redio yake, nikasema. Kitufe chekundu kiligoma kushuka, nikadhani ni vumbi, nikabonyeza kile kilichokubali. Rukiyo akaanza kuimba. Nikajua maneno yangu yatamfuta polepole, nikapunguza sauti mpaka mwisho ili asinivuruge.

Nilisema dakika thelathini. Nilimwambia Nuh avae soksi mbili. Nilimwambia asile nyama asiyoijua, asikae na watu wanaolala mchana. Na neno la mwisho, lililokuwa zito kuliko yote, nilimwambia asioe kabla ya kuniuliza, maana nimemwona Leyla, binti wa ami yake, na moyo wangu umetulia kwake. Nikampa Hamdi kaseti. Basi likaondoka.

Niliporudi nyumbani kuvua mtandio, nikaona uzi mwekundu umenasa kwenye pindo.

Sikumwambia Yarrow. Nilisema nitamwambia kesho, na kesho ikawa miaka mitano. Kaseti ilirudi baada ya miezi minne na jibu la Nuh upande wa pili: "Hooyo, kaseti yako nimeisikiliza mpaka naijua kwa moyo. Wenzangu wakija hapa hawataki kitu kingine, wanaiomba hiyo tu. Msalimie sana mjomba Yarrow." Nilijivuna, sitaficha. Nikawaambia wanawake kwamba Uswidi nzima inasikiliza mawaidha yangu. Lakini mwaka uliofuata Nuh akaoa binti wa watu wa Lafey, anaitwa Ruweyda, bila kuniuliza hata neno. Mtoto aliyeyajua maneno yangu kwa moyo! Tangu siku hiyo salamu zangu kwake zikawa fupi. Kaseti nikaifungia sandukuni pamoja na ule uzi. Upande wa Nuh niliusikiliza mara nyingi. Upande wangu sikuugusa hata siku moja. Nani anataka kusikia sauti yake mwenyewe ikiwa imekaa juu ya kazi ya ndugu yake?

Basi mwaka wa tisini na nane, barabara ilipopitika tena baada ya ile mvua kubwa, alishuka Garissa kijana mmoja nadhifu anayeitwa Khalif, mwenye duka la kaseti Eastleigh, Nairobi. Alikuja moja kwa moja mpaka kibandani. Mimi nilikuwa nimeleta chakula cha mchana.

"Wewe ndiye Yarrow wa tangi?"

Yarrow akaangalia tangi, kisha akamwangalia yeye. "Kama kuna mtu amelalamika, lilikuwa tupu."

Khalif akacheka mpaka akakaa. Akatueleza kwamba huko Toronto, huko London, na sasa Eastleigh, vijana wanapitishiana muziki wa kengele na mwanamke anayeimba kisimani. Ulitoka kwenye barua za mama zao. Barua inakwisha, mtoto anasahau kuzima, na nyimbo zilizo chini zinaendelea. "Lakini zote hazina kichwa," alisema. "Mama zetu wote huanza kusema mwanzo wa kaseti. Nzuri niliyonayo inaanzia katikati ya wimbo wa tatu, baada ya mama mmoja kusema, 'Haya, betri zinaisha, Mungu akulinde.' Vijana wanayasema maneno hayo harusini, ngoma ndiyo inaanza."

Rukiyo, aliyekuwa amesimama na kibuyu chake, alisema, "Miaka sita mnanicheka. Kumbe mlikuwa mnangoja betri ziishe?"

Halafu Khalif akasema lililomleta. Kuna mtu Nairobi anataka kuitoa hiyo nakala iliyokatika na kuandika majina mengine juu yake. Akipata nzima, yeye Khalif ataitoa wiki hii hii, kwa majina ya Yarrow na Rukiyo, na hakuna atakayeweza kubisha. Lakini msafara unaondoka kesho asubuhi.

"Nzima ipo," Yarrow alisema. Alikuwa ameanza mluzi. Akapiga magoti, akavuta katoni, na mluzi ukakatika. Katoni ilikuwa na buibui mmoja.

Alipindua meza. Alipindua redio za watu. Alitafuta ndani ya makopo ya misumari, na nilimsikia akisema peke yake, "Ina uzi mwekundu, haiwezi kupotea." Maalim wa madrasa ya jirani akaja kuuliza kama kuna mwizi. Alasiri ikafika. Khalif akaangalia saa yake kwa adabu.

Mimi nilikwenda nyumbani, nikafungua sanduku, nikarudi. Nikaweka kaseti na uzi juu ya meza.

"Walaal," nilisema, maana ni ndugu yangu na sikuwa na neno jingine. "Mama yao niliichukua mimi. Uzi ulinasa kwenye mtandio. Nimesema juu yake kutoka mwanzo mpaka mwisho, dakika zote thelathini. Nisamehe, au usinisamehe, lakini acha kutafuta."

Hared kule ng'ambo ya njia alishikilia birika hewani. Yarrow aliichukua kaseti. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo wa juu, akasimama hapo hapo na kidole. Kisha akaniuliza kwa upole, kama anayemuuliza mgonjwa, "Abaayo, siku ile ulibonyeza vitufe vingapi?"

"Viwili. Chekundu kilikataa, kikabaki kimoja."

"Na Rukiyo alikuwa akiimba wakati unasema?"

"Nilimpunguza sauti. Alikuwa ananivuruga."

Akanionyesha ule ukingo. Kwa upande huo kijino kidogo cha plastiki kilikuwa kimevunjwa. "Nilikivunja mwenyewe siku niliyofunga uzi," alisema. "Kaseti iliyovunjwa kijino hairekodi tena. Mashine inakataa. Nilijua mji huu una mama wengi na mimi nina dada mmoja."

Akaitia ndani ya redio. Ikalia kengele ya kwanza, ikafuata ya pili, na Rukiyo akaingia kutoka ndani ya tangi, mzima, kutoka neno lake la kwanza, na mimi simo popote.

Hared alipiga kelele kwanza. "Mama Nuh! Soksi mbili! Uliniambia mimi mwenyewe ulimwambia soksi mbili! Ulikuwa unamwambia nani?"

"Alikuwa anaongea na tangi," Rukiyo alisema, na akakaa chini kwa kucheka, akamwaga maziwa.

Mimi nilichelewa kucheka, maana kichwa changu kilikuwa Uswidi. Wenzake waliiomba kaseti. Mjomba asalimiwe sana. Kumbe mtoto wangu hakuwahi kusikia jina la Leyla. Miaka minne nilikuwa nimemnunia kwa kukataa neno ambalo halikumfikia. Hapo ndipo kicheko kilinipata, na machozi nayo, na Maalim akasema niletewe maji.

Yarrow aliinakili alasiri ile ile, kwa sababu upande wa pili una sauti ya Nuh na mimi nilisema kaseti yenyewe haitoki nje ya Garissa. Khalif akapanda basi asubuhi na nakala mbili, moja mfukoni, moja ndani ya soksi. Hayo ya soksi ni mawaidha yangu.

Ilitoka kabla mwezi haujaisha, na majina yao wawili yameandikwa juu. Lakini Khalif akapeleka ujumbe: wateja wanarudisha, wanasema si yenyewe, kwa sababu yule mama wa betri hayumo. Yarrow akaja nyumbani na redio begani, huku akipiga mluzi barabara nzima.

"Betri zilizoisha ni za nani, hatujui," alisema. "Lakini mama wa kusema ninaye."

Nikakaa mkekani. Safari hii nilibonyeza mwenyewe, vyote viwili, na nikainama kuhakikisha chekundu kimeshuka. Kilishuka. Nikasema kama walivyotaka, kwamba betri zinaisha na Mungu akulinde. Yarrow akanyoosha mkono kuzima. Nikamzuia, kwa sababu nilikuwa bado na neno.

"Na Nuh," nikasema, "msalimie Ruweyda. Soksi mbili, nyinyi wote."

Hawakukata. Iko hapo mpaka leo, mwanzo wa upande wa kwanza, kabla ya kengele.