Watu Wote wa Nyumba Hii

Wakati wa Mwingereza nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni Tabora, nikiishi Isevya kwa shangazi yangu, mjane asiye na mtoto. Nyumba yake ilitazama njia ya zamani ya wapagazi wa Ujiji, na kibaraza chake kipana kilitamaniwa na fundi cherehani mmoja.

Wakapatana kwa mdomo. Fundi angeweka cherehani pale, na badala ya kodi angetushonea nguo: kitambaa chetu, uzi wake. Shangazi aliridhika. Fundi hakuridhika.

"Mama, nakuheshimu," alisema, "lakini wanawake hubadilika. Tuandikiane. Wewe unatoa nini, mimi natoa nini, mpaka lini. Kisha tutie sahihi mbele ya shahidi."

Niliandika mimi, yeye akitamka. Nilipouliza nguo za nani, alitutazama, wanawake wawili wembamba, akasema kwa ukarimu, "Andika watu wote wa nyumba hii." Muda, miaka mitatu. Akatia sahihi, shangazi akaweka dole gumba, jirani akashuhudia.

Kabla ya masika shangazi akaolewa. Mume alikuwa mkulima wa tumbaku wa Goweko, mtu mpole aliyefiwa na mke, akaja na watoto tisa na mama yake mzazi, bibi wa mwili mkubwa. Waliposhusha mizigo, fundi aliacha kukanyaga cherehani.

"Mama, hawa ni wageni?"

"Ni watu wa nyumba hii," alijibu shangazi, akamkabidhi jora la kaki.

Fundi akaenda kushtaki. Hakimu alisoma karatasi, akaigeuza, akaisoma tena.

"Nani alitaka iandikwe?"

"Mimi."

"Maneno haya ni ya nani?"

"Yangu. Lakini sikujua kwamba ataolewa."

"Bila karatasi ningewauliza mlikusudia nini, pengine ningekusaidia," hakimu alisema. "Sasa kazi yangu ni kusoma tu."

Fundi akashona, amenuna, lakini hakujua kushona vibaya. Jumapili tulipokwenda kanisani, mstari mzima wa kaki na magauni yaliyokaa sawasawa, watu waligeuka. Wiki iliyofuata wateja walianza kuja, hata kutoka mtaa wa Cheyo.

Shangazi alimwonea huruma hata hivyo. "Baba, tumekuelemea. Tuichane ile karatasi, ushone za watoto wadogo tu."

Fundi alitikisa kichwa. Alikuwa amemwona mume wa shangazi akikipima kibaraza kwa hatua, akitafuta pa kuweka mitumba yake ya tumbaku.

Siku chache baadaye mzee huyo alikuja kumwambia ahame. Fundi alimwamkia shikamoo, akatoa karatasi mfukoni, akamsomea taratibu mpaka kwenye ile miaka mitatu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua kofia, akanyanyua mikono ili apimwe koti.